Je, gari lako lina rikoli? Mwongozo kamili wa kuitafuta na kurekebishiwa kasoro ya kiwanda ukiwa Nairobi

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wasomaji ni hili: "Nimeweka nambari ya chesisi kwenye tovuti ya rikoli, ikaniambia nambari si sahihi. Basi gari langu liko salama, sivyo?"

Sivyo. Tovuti hiyo haikulikagua gari lako. Nyingi kati ya zinazojitokeza kwanza ukitafuta mtandaoni ni za Marekani, na zinangoja nambari yenye herufi na tarakimu 17. Fielder, Demio au Forester iliyotoka Japan haina nambari ya aina hiyo. Umebisha mlango wa jirani, ukaambiwa hawakujui, ukarudi nyumbani ukiamini hudaiwi na mtu.

Rikoli ni pale kiwanda kinapotangaza kwamba magari fulani yalitoka na kasoro inayohatarisha usalama, na kuyaita yarudi yarekebishwe kwa gharama ya kiwanda. Mwenye gari akiwa Japan hupata barua nyumbani. Gari likishafutiwa usajili kule na kupakiwa melini, barua hizo hazilifuati hadi Mombasa, sembuse Ruiru. Hakuna atakayekupigia simu. Ni wewe utakayeifuata rikoli, na huu ndio utaratibu wake.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Logbuku, au nakala ya kumbukumbu za gari kutoka akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kwenye eCitizen.
- Simu yenye intaneti na kivinjari kinachoweza kutafsiri ukurasa, kama Chrome.
- Tochi na kitambaa cha kufutia vumbi.
- Karatasi za Japan kama bado unazo, hasa cheti cha kusafirishia gari nje.
- Baruapepe yako mwenyewe. Ukitumia ya mwenye saiba kisha nywila ikapotea, umeupoteza ushahidi.
- Faili moja ya kuwekea kila kitu.

Pesa hazihitajiki katika hatua ya kutafuta. Ukikutana na mtu kwenye WhatsApp anayedai malipo ya "kukuangalizia rikoli Japan", jua anauza kitu kinachotolewa bure.

## Hatua ya 1: Soma nambari ya chesisi kwenye gari lenyewe

Usianzie kwenye logbuku. Anzia kwenye chuma, kisha ulinganishe na karatasi. Sababu ni rahisi: mtu aliyeandika nambari hiyo kwenye kompyuta huenda alichanganya 8 na B au 0 na O, na kosa la herufi moja hukupa majibu ya gari la mtu mwingine.

Fungua boneti utafute kibati kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Magari mengine yana kibati kwenye nguzo ya mlango wa mbele. Nambari iliyogongwa kwenye chuma chenyewe huwa kwenye ukuta huohuo wa injini, au sakafuni chini ya kiti cha mbele, chini ya kipande cha zulia kinachofunuka. Futa vumbi, mulika kwa tochi, piga picha.

Gari la soko la Japan litakuwa na nambari fupi yenye kistari katikati. Mfano wa kubuni: NZE141-1234567. Sehemu ya kwanza inataja muundo wa gari na aina ya injini. Sehemu ya pili ni nambari ya gari lenyewe.

Tahadhari: kama nambari ya kwenye chuma imekwanguliwa, imechomelewa upya, au haifanani kabisa na ya logbuku, weka habari za rikoli kando. Hilo ni suala la NTSA na polisi, na lishughulikie kabla hujamlipa mtu yeyote senti zaidi.

Umefaulu ikiwa: una picha inayosomeka bila kukisia, na logbuku inasema vilevile.

## Hatua ya 2: Jua gari lilitengenezewa soko gani

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu wanadhani Toyota ni Toyota. Kiwanda kimoja huweza kutoa magari mawili yanayofanana kwa macho, moja la Japan na moja la Ulaya, yakiwa na vipuri kutoka kwa watengenezaji tofauti. Rikoli hutolewa kwa soko.

Nambari ikiwa na kistari, gari ni la soko la Japan. Nenda Hatua ya 3.

Nambari ikiwa na herufi na tarakimu 17, tazama mwanzo wake. AHT ni Toyota iliyotengenezwa Afrika Kusini, kama Hilux nyingi za hapa. MR0 ni Toyota ya Thailand. SAL ni Land Rover ya Uingereza, WBA ni BMW. Kumbuka kwamba BMW, Mercedes na Volkswagen hubaki na nambari ya 17 hata zikiwa zimeuzwa mara ya kwanza Japan, kwa hiyo usishangae ukiikuta kwenye gari ambalo redio yake ingali inaongea Kijapani.

Gari lililotoka Uingereza lina njia ya mkato. Ukijua nambari yake ya usajili ya kule, huduma ya serikali ya Uingereza ya historia ya ukaguzi wa magari, ile ya MOT, huonyesha pia kama kuna rikoli ambayo haijafanyiwa kazi. Nambari hiyo huwa kwenye karatasi za uagizaji, na mara nyingine kwenye stika ya zamani ya huduma ndani ya boneti.

Na kama ulinunua gari lililoingizwa nchini likiwa jipya na wakala wa hapa, ruka Hatua ya 3. Mpelekee wakala nambari yako moja kwa moja, umwombe jibu kwa maandishi. Kama ulilinunua kutoka kwa mwenye kwanza, mwombe wakala pia abadilishe jina na simu kwenye rekodi zake, maana tangazo likitoka atamtafuta yule wa zamani.

## Hatua ya 3: Tafuta kwenye ukurasa wa kiwanda, wa Japan

Tovuti ya kimataifa ya kampuni haitakusaidia, wala ile ya Marekani au ya Afrika Kusini. Unataka tovuti ya Japan, ambayo anwani yake huishia kwa .jp. Kwa Toyota ni toyota.jp/recall. Nissan, Honda, Mazda, Subaru, Suzuki na Mitsubishi nazo zina kurasa zao za namna hiyo. Ukishindwa kuzipata, nakili neno リコール, uliweke kwenye kisanduku cha kutafutia pamoja na jina la kampuni. Hilo ndilo neno rikoli kwa maandishi yao, na ndilo utakaloliona kila mahali.

Ukurasa utafunguka kwa Kijapani. Mwambie Chrome atafsiri. Kiingereza chake kitakuwa cha kuchekesha kidogo, lakini kinatosha kukuonyesha kisanduku cha kuandikia nambari ya chesisi.

Mambo matatu hukwamisha watu hapa:

Kwanza, visanduku huwa viwili. Cha kwanza ni cha sehemu iliyo kabla ya kistari, cha pili ni cha tarakimu zilizo baada yake. Kistari chenyewe usikiandike.

Pili, tumia kibodi ya kawaida ya Kiingereza. Kibodi ya Kijapani huandika tarakimu pana ambazo ukurasa huzikataa, ingawa kwa macho zinafanana na zetu.

Tatu, wakati mwingine tafsiri yenyewe huvuruga ukurasa na kitufe kikagoma. Rudisha Kijapani, bonyeza kitufe, kisha tafsiri majibu.

Serikali ya Japan, kupitia wizara yake inayosimamia uchukuzi, nayo ina hifadhi ya matangazo yote ya rikoli. Ile hutafuta kwa aina na kipindi, kwa hiyo ni nzuri ya kusoma maelezo ya kasoro. Hali ya gari lako mahususi iulize kiwanda.

Tahadhari: piga picha ya skrini mara mbili, moja ya Kijapani asilia na moja iliyotafsiriwa. Fundi wa wakala hatafanya kazi kwa tafsiri ya simu yako. Anachohitaji ni nambari ya rikoli na jina la kipuri kama kiwanda kilivyoliandika.

Umefaulu ikiwa: ukurasa umekurudishia nambari yako na kusema wazi kwamba hakuna rikoli, au umekupa orodha. Ukurasa uliobaki mweupe au uliosema nambari ina kosa si jibu. Rudia.

## Hatua ya 4: Soma majibu bila kupagawa

Tarehe zitakuchanganya, kwa sababu Japan huhesabu miaka kwa enzi za wafalme. Ukiona Heisei, ongeza 1988: Heisei 26 ni 2014. Ukiona Reiwa, ongeza 2018: Reiwa 2 ni 2020.

Utakuta pia madaraja matatu. Rikoli yenyewe ndiyo nzito: gari halifikii viwango vya usalama. Chini yake kuna hatua za maboresho, kwa kasoro isiyovunja viwango lakini yenye hatari. Mwisho ni kampeni ya huduma, ambayo aghalabu inahusu ubora, si maisha ya mtu. Shughulikia kwa mpangilio huo.

Angalia kama kazi imeandikwa kuwa imeshafanyika. Magari mengi hurekebishwa Japan kabla ya kuuzwa mnadani, na hapo huna la kufuata. Kuna njia ya kuthibitisha kwa macho: fungua mlango wa dereva, tazama kwenye fremu karibu na chuma kinachoshikwa na kitasa mlango ukifungwa. Gari lililofanyiwa rikoli Japan kwa kawaida hubandikwa hapo stika ndogo yenye nambari ya kazi. Linganisha na nambari iliyo kwenye matangazo. Stika ikikosekana isikutie hofu, huenda ilibanduka au mlango ulipakwa rangi upya. Rekodi ya kiwanda ndiyo yenye uzito.

Sasa, kasoro zenyewe. Hizi ndizo mwenye gari wa Nairobi anaweza kuzikuta:

Eyabegi za Takata, yaani mifuko ya hewa inayofunguka wakati wa ajali. Hii ndiyo rikoli kubwa kuliko zote katika historia ya magari, na kampuni ya Takata yenyewe iliomba ulinzi wa mufilisi Juni 2017. Ndani ya eyabegi kuna mtungi mdogo wa chuma wenye kemikali inayowaka ghafla ili kuujaza mfuko gesi. Takata walitumia amoniamu nitreti, ambayo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika. Siku ya ajali huwaka kwa nguvu kupita kiasi, mtungi unapasuka, na vipande vya chuma vinamrukia aliyeketi mbele. Honda Fit, Toyota Corolla na Vitz, Nissan X-Trail, Mazda Atenza na Subaru Impreza za miaka fulani zimo.

Jambo la kuelewa hapa ni kwamba kasoro hii haina dalili. Taa ya eyabegi kwenye dashibodi haitawaka, kwa sababu umeme wake uko sawa. Kilichooza ni kemikali. Fundi akikuambia "nimepima kwa kompyuta, haina shida", amesema kweli kuhusu kompyuta. Japan iliichukulia kwa uzito kiasi kwamba tangu Mei 2018 magari yenye mitungi ya hatari zaidi ambayo haijabadilishwa hunyimwa kibali cha kuendelea kutembea barabarani. Na kama gari lako liliwahi kukaa Mombasa au Malindi kwa miaka, lipe kipaumbele zaidi, kwani joto na unyevu wa pwani ndivyo hasa vinavyoiharibu kemikali ile.

Pampu ya petroli ya kampuni ya Denso. Kuanzia mwaka 2020 Toyota, Honda, Subaru na wengine waliita mamilioni ya magari duniani. Kidude cha plastiki kinachozunguka ndani ya pampu, iliyo kwenye tanki, huvimba na kujisugua. Injini hutetemeka, au huzima. Kuzimikiwa kwenye foleni ya Jogoo Road ni kero. Kuzimikiwa kwenye Expressway lori likiwa nyuma yako ni kitu kingine.

Swichi kuu ya vioo vya madirisha. Toyota iliita magari milioni 7.43 mwaka 2012 na milioni 6.5 zaidi mwaka 2015, Vitz na Corolla zikiwamo. Grisi ilipakwa vibaya ndani ya swichi ya mlango wa dereva. Swichi inakuwa nzito, inapata joto, na inaweza kutoa moshi au kuyeyuka. Mafundi wetu wana dawa ya papo hapo: kupulizia mafuta ya kulainisha. Toyota ilionya waziwazi mwaka 2012 kwamba hilo ndilo linaloweza kuyeyusha swichi. Usikubali.

Giaboksi ya Honda Fit haibridi. Fit ya GP5, iliyotoka mwaka 2013, iliitwa mara tano ndani ya takriban mwaka mmoja, sana sana kwa ajili ya programu inayoongoza giaboksi na injini. Ukiimiliki, usiishie kwenye rikoli ya kwanza utakayoiona kwenye orodha.

Prius ya kizazi cha tatu. Mwaka 2014 Toyota iliita takriban milioni 1.9 duniani kwa sababu programu ya inveta, kifaa kinachobadilisha umeme wa betri kwa ajili ya mota, ingeweza kupasha vipande vyake joto kupita kiasi, gari likapunguza nguvu au kusimama. Hapa dawa ilikuwa kusasisha programu.

Usihukumu gari kwa orodha hii. Fit mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana, moja ikiwa ndani ya rikoli na nyingine nje. Nambari ndiyo inayoamua.

## Hatua ya 5: Linda watu wako unaposubiri

Kama ni eyabegi ya abiria wa mbele, kiti hicho kiache wazi. Watoto wakae nyuma, nao mikanda wafunge. Kama ni ya dereva, ushauri wangu ni mmoja: egesha gari, panda matatu. Najua maneno haya hayapendezi kwa mtu anayelipa mkopo wa gari hilo hilo.

Kama ni pampu, usiache tanki likauke na epuka barabara za kasi. Gari likianza kukwama ukikanyaga mafuta, litoe pembeni na uite gari la kuvuta.

Tahadhari kubwa: usimruhusu fundi wa kando ya barabara "akutolee" eyabegi, wala usinunue iliyotumika kutoka Kirinyaga Road. Ile imetolewa kwenye gari lililogongwa au kuvunjwa, umri wake ni uleule, na huenda mtungi wake ni wa Takata vilevile. Eyabegi ni baruti. Hata mafundi wa kampuni huondoa waya wa betri kwanza na kungoja; mwongozo wa Toyota hutaka angalau sekunde 90 kabla ya kugusa. Na wapo wanaoizima taa ya eyabegi kwa kukata waya wa balbu ili mnunuzi asiione. Kirinyaga Road ina mafundi hodari na spea za kila namna, swichi ya vioo mpya utaipata huko. Kwa eyabegi, hapana.

## Hatua ya 6: Mwandikie wakala rasmi

Toyota inahudumiwa na CFAO Mobility, kampuni iliyojulikana zamani kama Toyota Kenya. Isuzu ina Isuzu East Africa. Kwa chapa nyingine, hakikisha kwanza nani ni wakala sasa, kwa kuwa uwakala huhama: CMC Motors, jina lililozoeleka Nairobi kwa miongo kadhaa, ilitangaza kwamba inaondoka sokoni. Tovuti ya kimataifa ya kampuni yako huorodhesha wakala wa kila nchi.

Usianze kwa simu. Anayepokea simu kwenye mapokezi atakujibu kwa kile anachokijua, na kwa kawaida ni: "Hilo si gari letu, uliagiza mwenyewe." Ukiandika, barua yako humfikia meneja wa huduma, na jibu lake hubaki kwenye maandishi. Unaweza kuandika hivi, kwa Kiswahili au Kiingereza:

> Kwa Meneja wa Huduma,
>
> Mimi ni mmiliki wa gari aina ya ________, usajili ________, nambari ya chesisi ________. Ukurasa wa rikoli wa kiwanda nchini Japan unaonyesha kwamba gari hili liko chini ya rikoli nambari ________ ya tarehe ________, inayohusu ________, na kwamba kazi haijafanyika. Nimeambatisha picha za ukurasa huo, nakala ya logbuku na picha ya nambari kwenye chesisi.
>
> Naomba mnijibu kwa maandishi: (1) je, mtafanya kazi hii, (2) kama kuna malipo, ni ya kipuri, ya ufundi, au vyote, (3) kipuri kitachukua muda gani kufika, (4) kama hamtafanya, kwa sababu gani, na kiwanda kinanielekeza wapi.
>
> Wako,
> ________

Swali la nne ndilo lenye meno. Meneja anayejua kwamba sababu yake itasomwa na mtu mwingine hufikiri mara mbili, na mara nyingi humwuliza kiwanda kabla ya kukujibu.

Kati ya majibu utakayopata, la kwanza ni kukubali bila malipo. Panga siku. La pili ni kukubali kwa malipo. Hapo uliza kama kiwanda kinatoa kipuri bure na wewe ukalipia ufundi tu. Ni ombi la haki, na mawakala wengine hulikubali. La tatu ni kukataa, na hilo lina hatua yake hapa chini.

Tahadhari: usikubali kufungiwa kazi nyingine za lazima ili ufanyiwe rikoli. Wakikuta breki zimeisha, wakuandikie bei, uamue mwenyewe.

## Hatua ya 7: Siku ya kazi

Peleka gari asubuhi likiwa na nakala za karatasi zote ndani ya bahasha. Kabla ya kuacha ufunguo, soma kadi ya kazi. Lazima iandikwe nambari ya rikoli, si "kukagua eyabegi" tu. Maneno "kukagua" na "kubadilisha" yana tofauti ya mtungi mzima.

Unapolichukua gari, omba vitu hivi: kadi ya kazi iliyokamilika, risiti hata kama kiasi ni sifuri, na nambari ya kipuri kipya. Mtungi wa zamani hautapewa, na usiung'ang'anie. Ni kitu cha kulipuka na huharibiwa kwa utaratibu. Pampu au swichi ya zamani unaweza kuomba uione.

Kisha washa ufunguo bila kuwasha injini, utazame taa ya eyabegi. Inatakiwa iwake, ikae sekunde chache, takriban sita kwa Toyota, halafu ijizime. Isipowaka kabisa, balbu au waya una shida. Ikibaki inawaka, mfumo haufanyi kazi. Katika hali zote mbili usitoke getini.

Umefaulu ikiwa: karatasi inataja nambari ya rikoli, taa inajizima, na wakala amekubali kutuma taarifa kiwandani kwamba chesisi yako imeshughulikiwa. Baada ya wiki kadhaa rudi kwenye ukurasa wa Hatua ya 3 uone kama hali imebadilika. Ikibaki vilevile, mkumbushe wakala. Kadi yako ya kazi ndiyo ushahidi kwa sasa.

## Hatua ya 8: Ukikataliwa

Kwanza, ishike barua ya kukataliwa. Bila hiyo huna kesi, una hadithi.

Andikia kitengo cha wateja cha kiwanda Japan, ukiambatisha barua hiyo. Kiingereza chepesi kinatosha. Omba kitu kimoja tu: wamwelekeze wakala wao wa Kenya alishughulikie gari lenye chesisi hii.

Wakati huohuo, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, CAK, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 ina jukumu la kulinda watumiaji, bidhaa zisizo salama zikiwamo. Kuwasilisha ni bure na hakuhitaji wakili. Shirika la viwango, KEBS, lenye makao yake Popo Road, South C, nalo lipewe nakala. Taja Kifungu cha 46 cha Katiba: mtumiaji ana haki ya kulindwa afya na usalama wake, na kulipwa fidia kwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro ya bidhaa.

Niseme wazi: kwa gari lililoagizwa likiwa limetumika, wakala ana hoja yake, kwamba hakukuuzia. Aliyekuuzia ni mwenye yadi. Ikiwa alijua kasoro akaificha, kwa mfano alikata waya wa taa ya eyabegi, basi yeye ndiye wa kumshtaki. Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi KSh 1,000,000, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Gharama ya kubadilisha eyabegi inaenea humo bila shida.

Na wakati mwingine jibu la busara ni kulipa mwenyewe, kisha kudai baadaye. Ukifikia hapo, lipia kipuri kipya kilichoagizwa kwa nambari yako ya chesisi, kifungwe na wakala au gereji yenye vifaa vya kazi ya eyabegi, na uhifadhi kila risiti. Madai bila risiti hayafiki mbali.

## Kama ndiyo kwanza unanunua

Rikoli hutangazwa hata gari likiwa na miaka kumi au zaidi, kwa hiyo gari lililokuwa safi siku ya kuingia nchini linaweza kuwa na rikoli leo. Cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa, au wa Likoni Road, kinaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Usikichukulie kuwa kimejibu swali la rikoli. Weka mazoea ya kutafuta upya kila unapolipia bima.

Kabla ya kwenda kutazama gari kwenye yadi za Ngong Road au Kiambu Road, mwombe muuzaji akutumie picha ya kibati cha chesisi kwenye WhatsApp. Fanya Hatua ya 2 hadi ya 4 ukiwa umekaa nyumbani. Ikitokea rikoli ambayo haijafanyiwa kazi, huna haja ya kulikimbia gari. Ifanye kuwa sharti la mauzo, iandikwe kwenye mkataba kwamba muuzaji ataikamilisha kabla ya malipo ya mwisho, au bei ipungue kwa gharama ya kazi hiyo. Muuzaji anayekataa kutuma nambari ya chesisi kwa kisingizio cha "usalama" mwache na gari lake. Nambari hiyo imeandikwa kwenye gari na kila mpita njia anaweza kuisoma akifungua boneti.